Ruhusa ya Majani Kuruka

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikitikisika jikoni, tik-tik-tik, kabla hata jogoo wa jirani yangu Phyllis hajawika, ndipo redio ikatoa tangazo kubwa. Kuanzia siku hiyo, anga la Kericho na Bomet lilikuwa limepangwa upya. Njia za zamani za ndege zimefutwa, njia mpya zimechorwa, na marubani wote watafuata utaratibu wenye vipengele kumi na viwili. Nikapunguza moto nisikie vizuri. Nilifurahi. Miaka sabini na tatu nimeishi chini ya anga hilo, na sikuwahi kujua kwamba halikuwa limepangwa.

Saa tatu asubuhi afisa wa Ofisi ya Njia za Angani akafika kwangu, hapa karibu na Kapkatet. Jina lake Gekara. Kijana wa adabu. Aliona matope kwenye viatu vyake akavivua mlangoni bila kuambiwa, ingawa soksi moja ilikuwa na tundu.

"Chamgei, Kogo," alinisalimu kwa Kipsigis, na kuniita nyanya. "Njia mpya inapita juu ya chai yako. Hongera."

"Asante, mwanangu. Sasa nifanye nini?"

"Hakuna. Wewe endelea na kazi."

Basi nikafunga kikapu mgongoni nikaingia shambani. Nilichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na kiganja kilipojaa nikarusha nyuma ya bega, kama tunavyofanya sote. Gekara akaacha kuandika.

"Kogo, hayo majani yametoka wapi?"

"Mkononi."

"Yameenda wapi?"

"Kikapuni."

"Na hapo katikati yalikuwa wapi?"

Nilifikiri. Sipendi kudanganya serikali. "Hewani."

Alifunga daftari polepole, kama daktari mwenye habari mbaya. "Basi yameruka."

Akapima kwa rula. Inchi kumi na nane. Kipengele cha nne, alinieleza, kinasema chochote kinachoruka ndani ya njia mpya lazima kiwe na ruhusa. Mwenye ruhusa ya kwanza ndiye mwenye njia, na wengine watasubiri mpaka atoe taarifa kwamba ametua. Majani yangu yalikuwa yameruka bila ruhusa tangu nilipoolewa.

"Wewe kijana!" Phyllis akaita kutoka ng'ambo ya ua. "Na kuku wangu je? Jana aliruka ua. Mbona humkamati?"

"Kuku ana mabawa yake, mama. Huyo yuko chini ya idara nyingine."

Ruhusa huchukua siku saba, na kabla ya hapo nisichume. Hapo moyo ukanishuka. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri, na chai haijui kusubiri. Raundi ya kuchuma ikikupita, majani yanakomaa, karani wa kituo cha kununua chai anayakataa, na kichaka kinaanza kujiona mti. Chai hiyo tuliipanda na marehemu mume wangu, na ndiyo inayonilisha.

Gekara aliona uso wangu akaketi tujaze fomu pamoja.

"Aina ya chombo?"

"Jani."

"Injini?"

"Bega la kulia."

"Rubani?"

"Mimi."

"Uzoefu?"

"Miaka hamsini."

Akanipa mkono. Alisema marubani wengi hawana hata nusu ya hiyo. Kisha akaipeleka fomu Bomet mwenyewe, kwa bodaboda, mvua ikimnyeshea. Fomu ameificha ndani ya shati, kichwa ameacha nje.

Siku ya saba akarudi na Ruhusa Nambari Moja. Marubani walikuwa bado wanatafuta mahali fomu zinapopatikana. Nikakimbilia shambani, maana majani yalishaanza kuwa magumu. Sikuwa nimemaliza hata mstari mmoja, helikopta ikanguruma. Ni Mkurugenzi wa Ofisi, Bwana Gitonga, amekuja na waandishi wa habari kuzindua njia yake.

"Njia ina mtu, bwana," Gekara alimwambia kwenye redio ya mkononi.

"Nani?"

"Ruhusa Nambari Moja."

"Ni ndege gani hiyo?"

"Majani, bwana."

"Yanatua lini?"

Gekara akaniuliza. Nikamwambia nimebakiza mistari arobaini, ila goti linauma.

"Mistari arobaini na goti, bwana."

Walizunguka mpaka mafuta yakapungua, wakatua uwanja wa shule ng'ambo ya kilima. Mkurugenzi akaja kwa miguu katikati ya chai, suruali imelowa mpaka mapajani.

"Futa kipengele cha nne sasa hivi!"

"Hufutwa kwa sahihi yako, bwana, kwenye meza yako, Nairobi."

"Basi nitafutie gari!"

"Kipengele cha tisa. Safari ya kikazi iliyoanza angani hurudi angani. Na kipengele hicho hicho kinasema ili upae, ujaze fomu. Siku saba."

"Nani aliandika upuuzi huu?"

Gekara aliangalia nyasi. "Sahihi ni yako, bwana."

Waandishi wa habari waliandika hayo yote, tena kwa makini.

Basi Mkurugenzi akalala kwangu. Siku ya kwanza alinuna. Siku ya pili akaomba kikapu. Alichuma kila kitu, hata matawi.

"Hata mbuzi huchagua!" Phyllis akamwambia.

Vidole vyake vikavimba, nikavipaka mafuta. Jioni aliosha vikombe bila kuambiwa. Siku ya tano karani alikubali majani yake, naye Mkurugenzi akaja mbio kunieleza, na kwa furaha akaniita Cucu, kama wanavyoita nyanya zao kwao.

Ruhusa yake ilipofika, nikasema kwenye redio ya Gekara, "Nimetua," ili naye aweze kupaa. Mkurugenzi alisimama mlangoni mwa helikopta na pakiti ya chai mkononi.

"Cucu, kesho nafuta vyote kumi na viwili."

"Cha nne kifute, mwanangu, watu wachume. Lakini hicho cha tisa, kilichokuweka hapa, kiache," nikamwambia. "Halafu uje tena."