Nati ya Tabo na Mayai ya Keki

Jumatatu, 3 Machi

Nimempita mwanyumba kilimani! Yeye na gari lake jipya, mimi na langu kuukuu, na nimempita! Siri ni nati. Ipo pembeni ya tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa. Ukiikaza, injini inavuta pumzi zaidi. Niliikaza jana mwenyewe, bila fundi, bila kumwambia mtu. Huyu bwana ameoa dada wa mke wangu na tangu siku hiyo hajawahi kushusha mabega. Leo yameshuka. Nimeyaona kwenye kioo.

Tulipofika juu gari likatoa moshi mweupe na mshale wa joto ukagota mwisho. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikasema injini inapumua kwa furaha.

Mama mkwe asisikie! Jumamosi binti yake mdogo anaolewa, na alishatangaza mezani mbele ya wote kwamba mimi ndiye nitakayembeba bibi harusi. Mwanyumba aliacha kutafuna. Nikikwama, atambeba yeye, na nitasimangwa maisha yangu yote.

Jumanne, 4 Machi

Rejeta tupu. Chini hakuna hata tone. Maji yanakwenda wapi?

Nimemwita Fundi Subiri. Anaitwa hivyo kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Akafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, akajaza maji, akaniambia niwashe. Mapovu! Akachomoa kijiti cha oili. Oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Akasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Kazi yake ni kuyatenga maji, oili na moto, na sasa vyote vinatembeleana. Dawa ni kufungua hedi, kile kichwa cha injini, na kuweka gasketi mpya.

Akauliza kama kuna mtu aliyegusa tabo. Nikatazama mawingu.

Nikamwambia nitafikiria. Ya nini kufungua injini nzima? Kichwa ninacho.

Jumatano, 5 Machi

Mayai! Kinyozi wangu anasema ute wa yai kwenye rejeta huziba kila tundu. Jikoni palikuwa na trei nzima. Nikavunja, nikamimina, nikawasha. Raha tupu! Hakuna moshi. Nikaimba kwa sauti.

Kisha harufu ya yai la kuchemsha ikajaa mtaa mzima. Wakaja paka. Mshale ukapanda haraka kuliko juzi na injini ikazimika, kimya.

Mke wangu akauliza mayai ya keki ya harusi yako wapi. Nikasema niliona njaa. Akauliza, trei nzima? Nikasema njaa kali. Alinusa shati langu, akachukua pochi, akatoka kwenda kununua mengine.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Gari limevutwa kwa kamba hadi gereji. Na nani? Mwanyumba! Ndiye pekee mwenye kamba. Alipiga honi kila kona, eti kwa usalama. Akasema nisiwe na wasiwasi, jioni ataosha gari lake, likihitajika lipo. Meno yote nje.

Fundi Subiri akafungua hedi. Gasketi imeungua katikati, ukiitazama utaona alama nyeusi ya moto ilipopenya. Kisha akafungua rejeta, akatoa kipande cha yai, akakinyanyua kwa koleo. Akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza kama na chumvi nilitia. Mwanyumba akalazimika kushika ukuta. Mwishowe nami nikacheka, ningefanyaje?

Hedi imepelekwa kuchongwa isawazike, maana imepinda kwa joto. Nati ya tabo ameirudisha mahali pake na kuipaka alama ya rangi nyekundu. Akasema mtu akiigusa atajua. Alisema akinitazama mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi akaenda kuchukua hedi. Akaniagiza nisafishe pale gasketi inapokaa, kisha nikae, nisiguse kingine. Nikasafisha. Nikakaa. Kukaa kukanishinda. Nikaipanga gasketi mpya mwenyewe, upande unaong'aa ukiwa juu. Ilipendeza kwelikweli!

Fundi akarudi, akaitazama, akaigeuza. Kisha akanionyesha tundu dogo. Oili ya tabo hupita hapo, na mimi nilikuwa nimeliziba. Akasema tabo ingekauka na kufa hata kabla bibi harusi hajafunga mkanda.

Nikapewa kazi ya kushika taa. Akakaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, mzunguko baada ya mzunguko, na kila nilipotaka kuharakisha akasema subiri. Tukamwaga ile chai, tukatia oili safi na maji safi. Nikawasha. Hakuna mapovu! Hakuna moshi! Nimemkumbatia Fundi, nimemkumbatia mwanyumba aliyekuja kuchungulia, nimekumbatia rejeta na kuungua kifua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimembeba! Maua kwenye boneti, shemeji yangu nyuma akicheka na kulia kwa pamoja. Fundi aliamuru nisikanyage mafuta, nami nikatii. Polepole mpaka mlangoni. Mama mkwe akasema mbele ya wote kwamba hajapata kuona dereva mwenye heshima zake kama mimi, na kuanzia leo mimi ndiye dereva wake. Machozi yalinitoka. Mke wangu akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba keki ni nzuri, na hainuki oili hata kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Kumbe! Mwanyumba anawatangazia wageni kwamba jana kilimani alinipita kama nimesimama. Alinipita! Nilikuwa na bibi harusi!

Kesho nampeleka mama mkwe kwake, kupitia kilima kilekile, na mwanyumba anatufuata na mizigo. Nimegundua jambo. Rangi ya kucha ya mke wangu inafanana kabisa na ile alama ya Fundi. Nimekaza nati kidogo tu, nikapaka upya. Hata Fundi mwenyewe hatajua.

Mke wangu ameuliza trei ya mayai kwenye buti ni ya nini. Nimemwambia ni zawadi ya mama yake.