Ardhi Isiyotumika ya Shauri Mpya

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa wadi, waheshimiwa wazee wa mtaa, viongozi wa dini kutoka kanisani na msikitini, kina mama wa vyama, vijana wa mkokoteni, na ninyi wananchi watukufu mliokubali kusimama juani ili sisi wageni tutoshe hemani: mimi ni Mhandisi Daktari Kyule, Mwenyekiti wa Kamati ya Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya mtaa huu wa Shauri Mpya, na huo udaktari nilitunukiwa. (Makofi kutoka hemani.)

Mwezi uliopita niliongoza, mimi binafsi, kwa viatu vyangu hivi, zoezi shirikishi la kubaini matumizi yaliyopo ya ardhi, ambapo asilimia mia moja na kumi na nne ya mastekholda walitoa maoni. (Kicheko. Kijana mmoja: "Wacha hizo, buda!") Nikafika kwenye kibanda cha Mzee Mbaluka, mchonga vinyago, yule pale nyuma, nikamuuliza kwa unyenyekevu, "Mzee, ardhi hii mnaitumiaje?" Akanijibu, "Asubuhi nachonga. Saa sita Nzisa anauzia githeri wafanyakazi wa Industrial Area. Jioni Mwalimu Kadija anafundisha watoto kusoma. Jumapili tunasali." Sasa, ndugu zangu, fomu yetu ya viwango vya kimataifa ina kisanduku kimoja tu. Matumizi manne hayaingii. Kwa hiyo, kwa busara ya kitaalamu, nikaandika: "Haitumiki."

(Nzisa anapaza sauti: "Haitumiki, na ulikula sahani mbili!" Kicheko kirefu.)

Hizo ni changamoto za data, mama. Na kwa kuwa ardhi isiyotumika ni adui wa maendeleo, wiki hiyohiyo tingatinga lilifika kuandaa nafasi ya Bustani ya Kisasa ya Umma. Mzee aliomba nusu saa atoe patasi zake, tukampa dakika kumi nzima, ndiyo maana nasema kamati hii inasikiliza. Alipolia, machozi yake niliyaingiza mimi mwenyewe kwenye ripoti, chini ya kichwa "Ushirikishwaji wa Jamii".

(Mwalimu Kadija anasimama: "Mheshimiwa, watoto thelathini na wawili wanasomea kando ya mtaro wa maji taka. Hiyo bustani inafunguliwa lini?")

Swali zuri sana, Mwalimu, na kwa uzuri wake litajibiwa kwa maandishi. Sasa semeni nami: Kila ardhi na kazi yake! Mpango kwanza, malalamiko baadaye! (Mtu anakohoa.)

Mwisho ni shukrani. Nawashukuru kwa kujaa hapa leo, maana picha zenu zitatusaidia kumtafuta mfadhili, na tukishampata mfadhili tutatafuta mchoraji, kwani bustani yenyewe haijawahi kuchorwa popote. Ule ua wa mabati pale kwa mzee usiwasumbue, si wetu, ni wa godauni la shemeji yangu, ambaye namshukuru pia kwa kutulipia hema hili.

(Mzee Mbaluka anakuja mbele polepole, anainama, anang'oa kigingi cha kwanza cha hema. Nzisa anashika cha pili.)

Mzee, itifaki! Mama, itifaki jamani! Shikeni hema! Shikeni...