Amina Kumi na Mbili za Mama Mdarizi

Fundi wa kompyuta aliyejiita Injinia hakuwa na cheti chochote isipokuwa kile alichojichapishia mwenyewe, na hata hicho alikosea tarehe. Lakini ulimi wake ungeweza kumuuzia samaki maji. Alipofungua kompyuta ya mama mdarizi na kukuta feni imezibwa na mavumbi ya nyuzi, alijua dawa ni kusafisha tu. Akaiona pia prosesa, ubongo wa mashine, kipande kisichozidi biskuti, chenye mamia ya pini nyembamba tumboni, kizima kabisa. Mate yakamtoka.

Mama alikuwa akieleza kwamba kompyuta hiyo ndiyo inayoongoza cherehani ya kudarizi, na nembo sitini za sare za shule zinatakiwa kesho asubuhi. Alipogeuka kumimina chai, prosesa nzima iliingia mfukoni mwa shati la Injinia, na prosesa nyingine iliyokufa, mfu mwenye pini zilizolala, ikatoka mkobani kushika nafasi yake.

"Pini zimepinda, mama yangu. Hii ni ya kuzika."

Mama hakulia. Alisema fundi mkweli namna hii haachwi aondoke bila dua. Akamkumbatia barabara, akaiombea mikono yake, macho yake, hata bisibisi zake. Kila alipofika kwenye amina, alimbana. Prosesa ikamchoma Injinia kifuani kama nungunungu aliyeamshwa vibaya. Kufikia amina ya kumi na mbili, machozi yalikuwa yakimtiririka na shati lina tone la damu.

"Toa hicho kinachokuumiza, mwanangu."

"Ni cha mteja mwingine, mama," Injinia akasema, akiitoa prosesa.

"Maskini, nacho kimepinda. Kaa."

Akavaa miwani, akashika sindano, akainua pini moja moja, kila pini na dua yake, huku Injinia akishika taa na kukatazwa kuhema. Kisha akafagia feni kwa brashi ya cherehani, akapachika prosesa ile mashineni mwake, eti kuijaribu tu. Kompyuta ikawaka. Cherehani ikaanza nembo ya kwanza.

Huyo mteja, mama alisema, aje mwenyewe kuichukua, naye ataombewa. Akamfungia Injinia yule mfu wake kwenye kitambaa safi.

Mlangoni Injinia aligeuka. "Mama, ulijua tangu lini?"

"Amina ya kwanza ilinichoma na mimi. Hizo kumi na moja nilikuwa nakuombea useme mwenyewe."