Siku Niliyopita Mlangoni kwa Mukiliya Wangu

Leo nimejianika mwenyewe, mchana kweupe, na shahidi alikuwa na pikipiki. Ninaandika sasa hivi, kabla hamjasikia kwa wengine. Mtaa wetu wa Murara una midomo, na midomo hiyo imeshanizalisha. (Mtaelewa mbele kidogo.)

Nianze na Mama Katungu. Ana kiduka kilichojengwa kwa mbao kwenye avenue yetu, nyumba ya sita kutoka kwangu. Ni mukiliya wangu. Nyinyi wa mbali mjue kwamba hapa Goma muuzaji na mnunuzi wote wawili wanaitana hivyo: mimi ni mukiliya wake, yeye ni mukiliya wangu, na kati yetu kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Hupiti mbele ya mlango wa mukiliya wako na mzigo wa duka lingine. Ukipita, ni sawa na kumtukana, ila polepole.

Tena Mama Katungu si mukiliya tu. Mume wangu, Baba Espe, alipofariki, mwaka mmoja na nusu uliopita, alifunga duka lake juma zima. Alilala chini nami matangani, kwenye mkeka mmoja. Siku ambazo sikuweza kusema, yeye alisema kwa niaba yangu, na siku ambazo sikuweza kula, alikula sahani yangu ili shangazi wa marehemu wasinigombeze. Mtu wa namna hiyo humkimbii.

Mimi nimemkimbia. Kwa sababu ya unga.

Jana jioni binti yangu Espe alisukuma sahani ya fufu, ugali wetu wa muhogo.

"Mama, hii fufu inanuka taa."

"Taa gani?"

"Taa ya mafuta. Kama tunakula taa."

Ni kweli, na nilikuwa ninajua tangu majuma matatu. Mama Katungu alihamisha bido lake, dumu la mafuta ya taa, akaliweka chini ya rafu yenye gunia la unga wa muhogo. Bido linavuja kidogo. Yeye hasikii harufu, anashinda humo kutwa nzima. Mimi ninasikia, lakini nitamwambiaje mtu aliyenifuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe kwamba unga wake unanuka? Baba Espe angeweza. Alikuwa anamwambia mtu jambo lolote na yule mtu anamshukuru. Mimi sikurithi hicho kipaji. Nimerithi koti lake na redio.

Basi asubuhi nikaamua: nitatafuta duka lingine. La unga tu. Vingine vyote nitaendelea kununua kwake.

Kwanza nikaenda kwenye lile duka kubwa lenye mlango wa kioo, karibu na rond-point, ule mzunguko wa barabara. Humo ndani kuna baridi na kila kitu kina bei yake imebandikwa. Hakuna anayekusalimia. Unga upo kwenye pakiti nyeupe, safi, imefungwa kama dawa. Nikamuuliza msichana wa kaunta:

"Dada, nipunguzie kidogo?"

Akanionyesha bei kwa kidole.

"Na matabishi?"

Matabishi ni ile nyongeza ndogo ambayo muuzaji anakutilia juu ili urudi kesho. Msichana akanitazama kwa huruma.

"Mama, hapa tunatoa risiti."

Nikarudisha pakiti mahali pake. Kutoka, mlinzi akanipekua kikapu, na kikapu kilikuwa kitupu. Alikiangalia mara mbili. Nafikiri alitaka kujua nilikuwa nimekuja kufanya nini. Hata mimi.

Nikashuka Majengo. Huko nilikuwa nimesikia habari za muzee mmoja wa miwani ambaye unga wake unakauka vizuri. Na kweli. Alinipa kidogo kwenye kiganja nikaonja. Ulikuwa mweupe, laini, bado una joto la jua la asubuhi, maana walikuwa wametoka kuuanua. Nilitaka kukaa hapo hapo nile.

Lakini muzee anapenda maneno.

"Mama, uko wa wapi?"

"Murara."

"Ah, Murara. Na bwana yako, anatumika kazi wapi?"

Mimi siwezi kudanganya, hata nikijaribu sura yangu inanishtaki. Nikamwambia, "Muzee, bwana yangu alishakufa."

Akavua miwani, akaipangusa. Halafu akachota kopo moja zima la unga akamwaga juu ya kilo tano alizokuwa amepima. Sikuomba. (Lakini sikukataa pia. Mungu aliona, na mimi ninasema.)

Nikanunua na sambaza wabichi, wale samaki wadogo, kwa mama aliyekaa pembeni. Ndipo, nikiwa nimesimama barabarani na mfuko wa unga mkononi, nikakumbuka njia ya kurudi.

Avenue yetu ina mdomo mmoja tu. Upande wa pili kuna ukuta wa mawe ya volkano ambao hata mbuzi wanauheshimu. Ili nifike kwangu lazima nipite mlangoni kwa Mama Katungu, na saa ile anakuwa amekaa kwenye kibao chake nje, anachambua maharagwe, haoni maharagwe, anaona watu.

Ningeweza kungoja mvua. Ningeweza kupita na kumwambia ukweli. Badala yake nikafanya jambo ambalo sijui lilitoka wapi. Nikafungua kitenge changu cha juu, nikauinamia ule unga, nikautupa mgongoni, nikafunga fundo kifuani.

Kilo tano na kopo moja la huruma. Ni mtoto wa miezi mitatu, minne. Nikavua kitambaa cha kichwa nikamfunika na juu, asipigwe upepo. (Unga hauna kichwa. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuamini.)

Nikasimamisha motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Sambaza nikamtundikia kwenye usukani.

"Mama, nitaenda polepole juu ya mutoto," akasema.

Hapo ndipo ningesema, si mtoto, ni unga. Nikasema, "Aksanti, papa."

Akaenda polepole kweli. Kila penye shimo aliomba radhi, na hakuniomba mimi. "Pole, bebe." Na mimi nyuma yake, nakiri kwenu, nilikuwa na raha. Ule unga ulikuwa na joto. Tangu mazishi mgongo wangu haujabeba kitu chochote chenye joto. Nikajikuta ninaupigapiga chini kwa mkono, taratibu, kama mtu anayebembeleza. Nilisahau kwamba nyuma ya kiti cha pikipiki kuna chuma cha kubebea mizigo, na kwamba mfuko wa muzee ulikuwa mwembamba.

Kwenye mdomo wa avenue motari akasimama. Mawe yetu yanakata mipira, hawaingii. Nikashuka, nikalipa, nikaenda zangu kichwa chini, haraka, kama mama ambaye mtoto wake amelala na hataki maneno.

"Mama Espe, siku hizi unapita bila salamu?"

Nikasimama. Mama Katungu alikuwa kwenye kibao chake, ungo wa maharagwe magotini.

"Salamu, mukiliya."

"Salamu. Unatoka wapi?"

"Chini kule."

(Si uongo. Majengo iko kule.)

Akainua macho hadi kwenye bega langu. Ungo ukasimama.

"Ee. Na uyu mutoto?"

Nilidhani nikinyamaza ataendelea na maharagwe. Yeye akasogea karibu, akashusha sauti ile ya matangani, ile ya kunionea huruma.

"Mama Espe. Ni wa Espe?"

Ndugu zangu, sikuwa nimefikiria hilo. Binti yangu ana miaka kumi na saba, mwaka huu anamaliza sekondari, hata kusuka nywele anasema kunamchelewesha vitabu. Na mimi mama yake nilikuwa nimesimama barabarani ninamzalisha kwa kunyamaza.

"Hapana! Si wa Espe. Espe hana kitu."

"Basi ni wa nani? Ni wako?"

Kabla sijajibu nikamuona ameanza kuhesabu kwa vidole, ukingoni mwa ungo, kidole kimoja kimoja. Alikuwa anahesabu miezi tangu tulipomzika Baba Espe. Vidole vikaisha. Akaanza upya na mkono wa kwanza. Uso wake ukabadilika, si kwa hasira, ni kwa kuumia. Nilisoma alichokuwa anafikiri: tulilala kwenye mkeka mmoja, na hakuniambia.

Nikafungua mdomo ili niseme. Nikawahiwa na pikipiki.

"Mama wa mutoto! Mama wa mutoto, umesahau sambaza!"

Motari alikuwa ameingia na mipira yake kwenye mawe yetu, Mungu ambariki na amsamehe. Akanipa mfuko wa samaki. Halafu akageuka na kuonyesha kiti chake. Nyuma kote kulikuwa kweupe.

"Na tena, mama, angalia mutoto. Anamwaga poda."

Wote watatu tukatazama chini. Mnajua barabara zetu, mawe meusi na vumbi jeusi. Juu ya weusi huo kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka vizuri. Ulitoka kwenye kona, ukakwepa shimo pale nilipokwepa shimo, ukaja hadi nyuma ya visigino vyangu. Hapo ulikuwa umeshaanza kuwa kilima.

Mama Katungu akaweka ungo chini. Akazunguka nyuma yangu. Nikasikia kidole kinamgusa mtoto. Alikuwa anaonja. Mtu aliyeuza unga miaka yote hiyo hahitaji kuuliza.

"Ni wa Majengo," akasema. "Kwa ule muzee wa miwani."

Motari aliangalia mgongo wangu, akamwangalia Mama Katungu, akaangalia mgongo wangu tena.

"Huyu mutoto baba yake ni muzee wa miwani?"

"Nenda, papa," nikamwambia. Hakwenda.

Mama Katungu akarudi mbele yangu. "Mama Espe. Miye nilikukosea nini?"

Ningekuwa na mahali pa kujificha ningejificha, lakini mahali pangu pa kujificha palikuwa panavuja. Nikamwambia.

"Unga yako inanuka mafuta ya taa, mukiliya. Bido iko chini ya gunia. Majuma tatu sasa. Nilishindwa kukuambia juu ya vile ulinifanyia ku matanga."

Akaingia dukani. Tukamsikia anasukuma vitu. Akatoka na unga kwenye kiganja, akaunusa, akatikisa kichwa kwamba hasikii kitu. Akaupeleka chini ya pua ya motari.

"Nusa."

Motari akanusa. "Mama, hii naweza kutia ndani ya pikipiki."

Mama Katungu akakaa kwenye kibao chake. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mimi nikaanza kulia kumsindikiza, ndivyo nilivyozoea. Kumbe anacheka.

"Majuma tatu," akasema. "Batu banakuya, bananunua sabuni, bananunua sukari, banaangalia unga, banasema watarudi. Miye nikafikiri ni wivu. Nilishaomba misa juu ya wivu yao."

Akacheka hadi akashika ubavu. Halafu akanishika mkono, akanikalisha pembeni yake, mimi na mtoto wangu aliyebaki nusu.

"Umeona njia yote ile, kubeba unga mugongoni kama mujinga, juu ya kuogopa kunihuzunisha?"

"Ndiyo."

"Siku ingine unihuzunishe tu. Ni karibu zaidi."

Nilikuwa ninacheka. Sauti ilinishtua mimi mwenyewe, sikuitambua mara moja. Ilikuwa na kutu kidogo.

Akatoa bido nje, akaliweka mbali, kwenye kivuli cha ukuta. Akalifunga lile gunia na kusema litaenda kwa mtu wa kutengeneza gundi. Halafu akaingia tena, akarudi na ufagio, akanipa.

"Nifagie hapa mlangoni?"

"Uanzie ku kona kabisa," akasema. "Hiyo mustari sitaki ibaki. Bakiliya bangu wataifuata hadi Majengo."

Nimefagia avenue nzima, kutoka kona hadi mlangoni kwake, na kila aliyepita aliniuliza. Nimewajibu wote ukweli, kwa sababu uongo wa leo umenitosha kwa mwaka. Wawili walikiri kwamba na wao wana unga wa Majengo nyumbani. Mmoja alikuwa nao wakati ule ule, ndani ya koti.

Jioni Espe amerudi kutoka shule, amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama, wananipa hongera. Wanasema nimepata mdogo wangu."

"Yuko kwenye sufuria," nikamwambia. "Nawa mikono."

Alikula fufu akamaliza, akaongeza.

Kwa hiyo nimelinganisha maduka yote, na nimechagua. La kioo lina risiti, la Majengo lina unga, la Mama Katungu lina Mama Katungu. Nitanunua kwake, na juma lijalo, unga mpya ukifika, nitaunusa mbele yake, kwa sauti. Nanyi mkisikia kwamba mjane wa Murara amejifungua, jibuni kwamba ni kweli, alikuwa wa kilo tano, wa muhogo, na tumeshamla. Mkitaka kucheka, ufagio bado ninao.