Malalamiko Dhidi ya Konsolata, Aliyenikwamisha Kalamu

Soko la Kibaoni,
Ifakara.
9 Juni 1995

Mzee Ponsiano,
Malinyi.

Mzee wangu, shikamoo.

YAH: BINTI YAKO KUNIHARIBIA KAZI

Mimi ndiye ninayewaandikia watu barua hapa Kibaoni, kwenye meza ya bluu mkabala na mashine ya kukoboa mpunga. Kwa miaka sita sikuwahi kukwama. Kila barua niliianza, "Ni matumaini yangu u mzima wa afya kama mimi nilivyo," na niliimaliza kabla mteja hajakaa vizuri. Leo ni siku ya kumi na tisa sijakamilisha hata moja, na mkosaji ni Konsolata. Naeleza:

1. Tarehe 21 Mei alimleta dada yako, Bi. Balbina, aliyetaka barua iliyoandikwa na fundi, iende kwa mwanawe Hilary aliyeko Mngeta. Nikaiandika. Konsolata akaisoma kwa sauti, akacheka mpaka akashika meza. "Kaka, hii ni barua ya kila mtu. Hilary atajuaje kwamba ni mama yake?" Mzee, swali hilo sikuwahi kuulizwa. Tangu hapo nikishika kalamu nasikia kicheko.

2. Kwa woga, nimeanza kuwahoji wateja. Mzee Viktor alikuja kumwandikia kaka yake wa Mahenge, ambaye hawajasemezana naye tangu wamzike baba yao. Nikamwuliza anamkumbukia nini. Alisimulia tangu asubuhi mpaka mashine ikazimwa, mara analia, mara anacheka, kisha akainuka: "Basi, acha niende mwenyewe." Akapanda gari la Mahenge. Karatasi ikabaki nyeupe.

3. Mama Nyamizi, Msukuma mwenye ng'ombe, alitaka mumewe arejee kutoka Shinyanga. Niliandika "Rudi." Nikakaa kutwa nzima natafuta neno la pili, sikulipata. Akaninyang'anya karatasi, akampa msafiri vivyo hivyo. Mume amefika Jumanne, anahema! Sasa wanawake wa soko zima wanataka barua ya neno moja, na mimi hilo moja nimeshalitumia.

4. Konsolata hupita kila siku saa nne na kikapu cha vitumbua, kuuliza nimefikia wapi. Akinipa kimoja, nasahau hata jina langu linaandikwaje.

Kwa heshima zote, naomba umwite Malinyi mpaka mavuno yaishe.

Lakini nimefikiri tena. Akiondoka, nani atanisomea na kuniambia kwamba nimeandika uongo? Basi abaki, ila akae mezani kwangu kutwa. Na kwa kuwa watu wa Kibaoni hawaishi kusema, naona njia ya adabu ni uniozeshe, iwe fidia ya hasara yangu.

Nisalimie mama, Salvatory na wadogo zake, katekista, na majirani wa pande zote mbili, hata yule mliyegombana naye.

Ni mimi, niliyekwama,
Melkiori

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea Konsolata. Amesema yeye si fidia ya mtu, na kama namtaka nimwambie kwa mdomo kama watu wengine. Nimemwambia, kwa kigugumizi, Bi. Balbina akisikia. Amekubali! Tunakuja Jumamosi na mshenga, kivuko kikiwa kizima. Yote niliyoandika hapo juu, mzee wangu, tafadhali usiyasome.