Nadai Orodha ya Tofali

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimeshindwa! Mkutano wa kijiji hapa Mkula umemrudisha Egidius kuwa mwenyekiti wa kamati ya kufuatilia fedha za ujenzi wa zahanati yetu. Mstaafu wa kiwanda cha sukari, mtu wa kuja! Kura 143. Mimi Nazari, mzaliwa wa hapa, tisa. Walionyoosha mikono nimewaangalia mmoja mmoja. Tekla alikuwa mstari wa mbele. Mke wangu! Nikamuuliza, akasema jamaa anajua hesabu. Nikasusa chakula. Baadaye nilikula, kidogo.

Jumanne, 5 Agosti
Egidius kabandika karatasi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: fedha zilizoidhinishwa, zilizopokelewa, zilizotumika. Mpaka misumari! Watu wanamsifu utadhani zahanati kaizaa yeye. Tekla anasema nina kijicho. Mimi? Huu ni uchungu wa mali ya umma. Nimesoma karatasi mara nne. Hesabu zimekaa sawa. Inauma.

Jumatano, 6 Agosti
Nimempata! Upande wa nguvu za wananchi kaandika tu kwamba kila kaya inachangia tofali hamsini. Nani kaleta? Nani hajaleta? Kimya! Nikaenda kwa Mtendaji wa kijiji, nikadai kila kaya iandikwe kwa jina, hadharani. La sivyo, kwenye mkutano wa Jumamosi natoa hoja ya kumng'oa mwenyekiti. Egidius alikuwepo. Akasema hoja nzuri, kaka Nazari. Adabu yake inanikera.

Ijumaa, 8 Agosti
Orodha imetoka. Kaya 212. Nilifika ubaoni wa kwanza, nikaisoma kwa sauti ili wote wasikie. Hata bibi Konsolata, anayetembelea mkongojo: hamsini. Kaya moja tu haijaleta hata tofali moja. Nilishaanza kulitamka jina ndipo nikalitambua. Jamani! Nilikuwa bize na ukaguzi! Watu walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Tekla kaniegeshea toroli mlangoni.

Jumamosi, 9 Agosti
Hoja yangu imekufa, maana orodha niliyoidai imetoka. Mkutano ulipoanza nilikuwa barabarani na tofali nilizoweka za kujengea choo, gurudumu la toroli limepasuka. Nani anatokea? Egidius, na guta lake, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Akapakia tofali zote, na mimi nikapanda juu. Hakunicheka. Tulipofika akawaambia watu orodha ile ni wazo langu, nipigiwe makofi. Nikapigiwa. Tekla alimpigia yeye, nilimwona.

Sasa nimekaa nawaza. Guta linakula mafuta. Yale mafuta ya leo kayanunua nani? Kwa fedha ipi? Ubaoni hayamo! Ni kweli nilipanda, lakini umma una haki ya kujua. Jumatatu asubuhi niko kwa Mtendaji.