Sanduku la Babu wa Kuazima

Siku Elibariki alipoingia kwenye ile ofisi ndogo ya Kinondoni kuulizia fremu ya duka, hakuwa na nia ya kumtapeli mtu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wa Temeke wakisikia jina lake wanashika mifuko kwanza, halafu ndio wanaitikia salamu. Siku hiyo nia yake ilikuwa njema kabisa. Kilichopungua ni hela tu.

Fremu yenyewe haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya Auleria, binti wa Kihaya aliyekuwa anasuka nywele barazani kwa mama yake kule Tandika, na ambaye Elibariki alimpenda mpaka akawa anasahau kudanganya akiwa mbele yake. Auleria naye alimpenda, ila akili zake zilikuwa timamu. Alishamwambia wazi kwamba amechoka kusuka watu huku kuku wanapita katikati ya miguu. Mwanaume anayemtaka amtafutie fremu ya saluni kando ya lami, na asichelewe, kwa sababu kuna fundi magari wa Mbagala kashaanza kutuma wazee. Aliposikia habari ya wazee, Elibariki alipata homa ya kweli.

Basi akaikuta ile ofisi, na ndani yake msichana wa Kibohora, kavaa rida ya kijani, lile vazi lao la kujifunika, jina lake Zahabiya. Baba yake ndiye mwenye jengo, lakini mambo ya wapangaji kamwachia binti. Zahabiya alimweleza kwa upole kuwa kodi ya fremu inalipwa ya mwaka mzima, tena mbele. Elibariki akaanza kutafuta maneno ya kuagia kwa heshima. Hapo ndipo macho yake yalipotua juu ya meza.

Palikuwa na sinia limetandikwa kitambaa cheusi, na juu yake sarafu. Za Roma, zilizolika mpaka mfalme hana pua. Za Uchina, zenye tundu la mraba. Reale kubwa za fedha, pesa ya Sultani wa Unguja yenye picha ya mizani, na nyingine hata Elibariki hakujua ni za taifa gani. Akauliza. Zahabiya, ambaye tangu aingie mgeni alikuwa anajibu kama karani, uso ukamfunguka. Akaeleza kila moja ilikotoka, nani aliitawala nchi hiyo, kwa nini mtu hatakiwi kuisugua sarafu ya zamani hata ikiwa na kutu. Mwisho akataja ile asiyokuwa nayo, ile anayoiota: dhahabu ya Tabora, yenye tembo, iliyotengenezwa na Wajerumani kwenye karakana ya reli wakati wa vita, walipokuwa wamezingirwa hawana pa kupata fedha.

"Yenye tembo?" Elibariki akauliza, kisha akainamisha kichwa, kama mtu aliyekumbushwa marehemu. "Babu yangu alikuwa fundi wa reli Tabora."

Wallahi sijui babu huyo alitokea wapi. Babu yake halisi alikuwa mkulima wa tangawizi kule Same, na gari moshi alikuwa analiogopa mpaka anakufa. Lakini dakika ile alizaliwa babu mwingine, akapewa nyundo, akapewa bosi wa Kijerumani mwenye roho nzuri, akapewa na sanduku la mbao ambalo ukoo mzima unaliheshimu. Zahabiya alisikiliza kashika shavu. Elibariki akatoka pale hewa haimtoshi. Kodi ya mwaka mzima ilikuwa imekaa mbele yake, inamsubiri tembo.

Moja kwa moja hadi Keko, kwa rafiki yake Sebastian, fundi seremala. Tembo alichongwa na kijana wa mihuri, juu ya sarafu ya shaba, sonara mmoja mwenye njaa akaichovya kwenye rangi ya dhahabu. Kwa mbali ilipendeza. Kwa karibu tembo alionekana kama nguruwe aliyefiwa, lakini Elibariki alisema Wajerumani walikuwa vitani, nani angekaa kuchora vizuri.

Sanduku ndilo alilolisimamia kwa makini. Sebastian alilipaka majivu na chai ya rangi, akalining'iniza juu ya moshi mpaka likanuka uzee. Alipofika kwenye bawaba akatoa skrubu mpya na washa mpya, vile vibati vya duara vyenye tundu katikati vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu. Elibariki akang'aka. Alisema vitu vinavyong'aa hivyo vitawaumbua, anataka vya zamani. Sebastian, ambaye hapendi ugomvi, akavuta kopo la washa alilorithi kwa fundi wake, akachagua vyeusi vilivyochakaa kabisa, akakaza. Elibariki akaridhika. Hakuna fundi wa uongo aliyewahi kuipenda kazi yake kuliko yeye.

Akarudi Kinondoni kavaa shati jeupe. Akasimulia upya habari za babu, na safari hii babu alikufa kishujaa. Zahabiya akaipokea ile dhahabu, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, akaiangalia muda mrefu. Halafu akalichukua sanduku. Akaligeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye bawaba, akainama mpaka ukingo wa rida ukagusa meza. Elibariki alihesabu hiyo kuwa ni heshima kwa marehemu.

"Kaka, nitakwambia ukweli," Zahabiya alisema. "Dhahabu mie naiogopa. Ina vibali, ina maswali, baba akijua ataniua. Lakini sanduku limenigusa moyo. Ungekubali kuniachia sanduku peke yake, na bawaba zake na kila kitu, ningekupa fremu mwaka mzima."

Elibariki aliona dunia inazunguka. Mwaka mzima! Kwa mbao za Keko na majivu! Na dhahabu anabaki nayo, akamuuzie mjinga mwingine! Alijikaza asicheke, akapangusa jicho ambalo halikuwa na chozi, akasema babu angependa iwe hivyo. Moyoni alimwonea huruma yule binti; usomi wote ule, na akili ya kuku.

Mkataba ukaandikwa hapo hapo. Zahabiya alipouliza uandikwe kwa jina la nani, Elibariki hakusita. Mtu wa kazi zake haandiki jina lake mahali popote, hata kwenye daftari la msiba. Akasema uandikwe kwa jina la Auleria Kamugisha, na yeye ndiye aje achukue funguo. Alijiona mjanja, na kwa mara ya kwanza alijiona pia mwanaume mwema.

Sasa tamaa. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akalala. Elibariki alikaa siku kadhaa akiwaza: kama huyu dada ana ugonjwa wa masanduku, kwa nini apewe moja? Akatoka mbio hadi Keko kuagiza la pili, la upande wa bibi.

Akamkuta Sebastian anapasua mbao kwa mashine mpya ya umeme, anaimba. Kopo la washa halikuwepo. Alipouliza, Sebastian akazima mashine, akamweleza bila hila yoyote. Kuna sista mmoja wa Kibohora alikuja, mtu muungwana sana, kashazunguka karakana zote za Keko, akauliza kama yeye ndiye aliyefunga bawaba za sanduku fulani. Kumbe zile washa hazikuwa washa. Zilikuwa sarafu za Mjerumani, zile zenye tundu. Wazee wa Keko walizoeaga kuzifungia vitanda kwa sababu zilikuwa imara na hazinunui kitu tena. Moja ya zile alizozikaza kwenye sanduku ilikuwa ya mwaka adimu, watu wa Ulaya wanaitafuta kwa tochi. Sista kamwambia thamani ya kila moja, kamlipa kopo zima, kamshika na mkono.

"Na tembo?" Elibariki aliuliza.

"Alisema tembo wa kweli kainua mkonga. Wako anatafuta kitu kilichoanguka."

Elibariki akashika njia ya Kinondoni. Fremu ilikuwa wazi, imepakwa rangi ya pinki, na Auleria ndani anapanga rasta za kusukia. Alivyogeuka tu, Elibariki akajua. Zahabiya alishamwambia Auleria kila kitu siku ya kumkabidhi funguo, maana hakutaka mpangaji wake akae bila kujua.

Auleria hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Alimuuliza kama kweli alikuwa tayari kumweka kwenye fremu ya wizi, aje afukuzwe na vioo vyake mbele za watu. Elibariki alitafuta uongo, jamani, alitafuta kila kona, hakuupata. Akasema tu aliogopa wale wazee wa Mbagala. Macho yakamlowa, na safari hii chozi lilikuwepo.

"Fremu ni yangu, imeandikwa," Auleria alisema. "Wewe utasimama mlangoni uite wateja. Siku nitakayosikia umemdanganya mtu hapa, wazee wa Mbagala nawapikia ndizi."

Akaapa. Akasimama mlangoni. Na bahati haikukawia, akaja mama mmoja mwenye mkoba wa maana, simu mkononi, akamwonyesha picha ya msuko, akamuuliza kama utamkaa. Elibariki aliangalia picha, akaangalia uso. Uongo ulimjia mdomoni wenyewe, mtamu, tayari kwa kazi. Nyuma yake akasikia kitana cha Auleria kimesimama. Akaumeza.

"Hapana, mama," alisema, jasho linamtoka. "Utakuzeesha."

Mama akafyonza, akageuza kisigino, akaondoka. Elibariki akageuka kutafuta sifa zake. Alichokutana nacho ni Auleria anampita kama upepo, kitana mkononi, anamkimbilia yule mteja kando ya lami.

"Dada yangu, usimsikilize huyo, macho yake mabovu," alikuwa anasema, kamshika mkono kama ndugu wa damu. "Uso kama huu? Msuko huo ulibuniwa kwa ajili yako. Jana tu nimemsuka bibi harusi wa Mbweni, ila wewe utampita."

Saluni ilikuwa haijawahi kusuka mtu. Mama mwenye mkoba akatabasamu, akajishika shavu, akakubali kurudi. Alipopita mlangoni Elibariki akampisha, akamvutia kiti. Akamtazama Auleria anavyoanza kuchana, mdomo unatiririka habari za bibi harusi ambaye hajazaliwa, na akampenda kwa hofu mpya.